Seli shina na kujijenga upya kwa mji wa mimba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya ni wanawake waliosafishwa kizazi, kisha hedhi ikapungua au ikakatika kabisa. Wengine wameambiwa kuwa utando wao wa ndani ni mwembamba mno kupokea mimba, au wamekutana na tangazo la tiba ya seli shina na wanataka kujua kama ni la kuaminika. Unaweza kuanza na swali lolote. Pale majibu yanapogusana, utaelekezwa.

## Misingi

Seli shina ni nini?

Ni seli ambayo bado haijafungwa kwenye kazi moja. Seli nyingi za mwili zimeshakomaa na kushika kazi yake, iwe ni kulinda, kusafirisha au kutengeneza homoni. Seli shina ina uwezo wa aina mbili. Inapogawanyika inaweza kuacha nakala yake iliyo shina vilevile, na inaweza pia kutoa seli changa zitakazokomaa na kushika kazi maalumu.

Watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu jina hili moja limebeba vitu tofauti. Seli shina za kiinitete changa zinaweza kugeuka karibu seli yoyote ya mwili. Seli shina za mtu mzima, kama zile za uboho, utumbo na ngozi, uwezo wake ni mdogo zaidi: kwa kawaida hutengeneza tishu ya mahali zinapoishi. Karibu kila kitu kinachoelezwa hapa kinahusu aina hii ya pili.

Ni sehemu gani ya mji wa mimba inayojijenga upya?

Ni utando wa ndani, ule ambao kiinitete hujipachika. Chini yake kuna misuli minene, na nje kabisa kuna ngozi nyembamba inayofunika kiungo chote.

Utando wenyewe una matabaka mawili. Tabaka la juu hukua kila mzunguko, na mimba isipotunga humeguka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Tabaka la chini, lililolala moja kwa moja juu ya misuli, halitoki. Humo ndimo tabaka jipya linamoanzia. Tafadhali ikumbuke tofauti hii, kwa sababu majibu mengi ya mbele yanaitegemea.

Hujijenga kwa kasi gani?

Kwa kasi ambayo viungo vichache vya mtu mzima vinaweza kuifikia. Mara baada ya hedhi, ultrasaundi huonyesha utando wa milimita chache tu. Hadi yai linapokaribia kupevuka, utando huo mara nyingi umefikia milimita 8 au zaidi, na ndani yake kuna tezi mpya na mishipa mipya ya damu. Jeraha la hedhi huanza kufunikwa hata kabla damu haijakoma: sehemu moja bado inamomonyoka huku ya jirani ikiwa tayari imevikwa seli mpya.

Kazi hii hurudiwa zaidi ya mara 400 katika maisha ya mwanamke, na kwa kawaida haiachi kovu. Kidonda cha ngozi cha ukubwa huo kingeacha alama ya kudumu. Ndiyo maana watafiti wa uponyaji wa tishu wanauchunguza mji wa mimba kwa makini, na ni haki yake, kwa sababu kwa muda mrefu hedhi ilitazamwa kama uchafu wa kutupwa tu.

Seli shina za mji wa mimba zilijulikanaje?

Wazo lilitangulia ushahidi. Mwaka 1978 mtafiti Prianishnikov alipendekeza kwamba tishu inayoota upya mara nyingi hivyo lazima iwe na seli shina zake. Ushahidi kutoka kwa binadamu ulikuja mwaka 2004, pale Caroline Gargett na wenzake wa Melbourne, Australia, walipochukua seli kutoka kwenye utando wa wanawake waliotolewa kizazi kwa sababu za kitabibu na kuziotesha zikiwa zimetawanywa mbalimbali sana. Nyingi hazikufanya lolote. Lakini takriban asilimia 0.22 ya seli za tezi na asilimia 1.25 ya seli za tishu unganishi ziliweza kuzaa kundi zima, kila moja peke yake.

Miaka iliyofuata ilileta alama za kuzitambulia. Seli za tishu unganishi zenye tabia ya shina hubeba protini iitwayo SUSD2 kwenye uso wake, na hukaa zimezunguka mishipa midogo ya damu. Zile za tezi hutambuliwa kwa alama nyingine, mojawapo ni N-kadherini, na hupatikana kwenye vitako vya tezi, karibu na misuli.

Tezi hizo za chini zimepangikaje?

Zamani michoro ya vitabuni ilizionyesha kama mirija iliyosimama wima, kila mmoja peke yake. Upigaji picha wa pande tatu umeonyesha kwamba kule chini tezi hutambaa kwa ulalo na kuungana, mfano wa ukoka: ukikata majani, mashina yaliyotambaa ardhini huchipua tena, na chipukizi kadhaa huweza kuwa za shina moja.

Vipimo vya jeni vinaafikiana na picha hizo. Seli zote za tezi moja kwa kawaida hutokana na seli moja ya asili.

Je, kila kitu hufanywa na seli shina?

Hapana. Upo ushahidi kwamba baadhi ya seli za tishu unganishi hugeuka kuwa seli za kufunika uso wakati wa ukarabati wa haraka baada ya hedhi, na kwamba seli za kawaida zilizobaki pembezoni mwa jeraha husambaa kulifunika. Watafiti bado wanapima kila njia inachangia kiasi gani. Mtu akikwambia kwamba seli shina pekee ndizo zinazojenga utando, amerahisisha mno.

Homoni nazo zina nafasi yake. Estrojeni ndiyo inayosukuma ukuaji katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na projesteroni huutayarisha utando kupokea mimba. Inaelekea seli shina zenyewe hazipokei estrojeni moja kwa moja kwa kiwango kikubwa, bali hupata ishara kupitia seli jirani.

Nimesikia seli za uboho huhamia kwenye mji wa mimba. Ni kweli?

Hili lina utata. Mwaka 2004 Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Yale alichunguza wanawake wanne waliowahi kupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Ndani ya utando wao alikuta seli zenye utambulisho wa aliyetoa uboho, kwa viwango vilivyotofautiana sana kati ya mwanamke mmoja na mwingine. Matokeo hayo yaliamsha matumaini makubwa, na majaribio ya tiba yanayoelezwa hapa chini yamejengwa juu yake.

Hata hivyo, baadhi ya tafiti za baadaye kwa panya zilionyesha kwamba seli za uboho zilizokutwa ndani ya utando zilikuwa seli za kinga, ambazo kwa kawaida hupita na kukaa humo, wala hazikuwa seli za tezi zilizozaliwa upya. Kwa maoni yangu, uboho huenda ukasaidia ukarabati kwa kutuma ishara, lakini hoja kwamba ndio chanzo kikuu cha utando mpya haijathibitishwa.

Na damu ya hedhi, ina seli shina kweli?

Ndiyo. Tangu mwaka 2007 watafiti wameonyesha kwamba kutoka kwenye damu ya hedhi zinaweza kukusanywa seli zinazoota vizuri maabara na kugeuka aina kadhaa za seli. Faida yake ni dhahiri: hazihitaji upasuaji wala sindano ya uboho. Lakini zinazotoka ni mchanganyiko, na si kila seli inayoota maabara ni shina kamili.

## Utando unaposhindwa kurudi

Kwa nini utando wa mtu mwingine hauoti tena baada ya kusafishwa kizazi?

Kwa sababu tabaka la chini limejeruhiwa. Hedhi huondoa tabaka la juu tu, lakini kifaa chenye makali kinachokwangua kwa nguvu kinaweza kufika kwenye misuli na kuondoa vitako vya tezi pamoja na mishipa ambako seli shina zinaishi. Pale pasipobaki seli za kuanzisha upya, mwili huziba nafasi kwa kovu. Kuta mbili zilizo wazi zikigusana zinaweza kushikamana, na sehemu ya uwazi wa mji wa mimba ikafungika.

Hali hii huitwa ugonjwa wa Asherman, kwa jina la Joseph Asherman aliyeieleza kwa kina mwaka 1948, ingawa Heinrich Fritsch alikuwa ameshaandika kuihusu mwaka 1894. Dalili zake ni hedhi kupungua au kukatika, maumivu ya kila mwezi bila damu kutoka, ugumu wa kushika mimba, na mimba kuharibika mara kwa mara. Hatari huwa kubwa zaidi kizazi kinapokwanguliwa wiki chache baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, kwa sababu wakati huo kuta ni laini na estrojeni iko chini. Kifua kikuu cha viungo vya uzazi nacho huweza kuharibu utando kwa kiwango kikubwa, na uharibifu wake ni mgumu zaidi kutibu.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu wanawake wengi huambiwa ni msongo wa mawazo au uzazi wa mpango. Hedhi ikibadilika ghafla baada ya kusafishwa, una haki ya kuchunguzwa ndani ya mji wa mimba.

Je, inaweza kuzuilika?

Mara nyingi, ndiyo, na kwa maoni yangu hapa ndipo kuna manufaa makubwa kuliko kwenye maabara yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mimba iliyoharibika ishughulikiwe kwa dawa au kwa kifaa cha kufyonza, badala ya kukwangua kwa chuma chenye makali. Kama unatakiwa kusafishwa, uliza ni njia gani itatumika na kama ipo nyingine.

Tiba ya kawaida ni ipi kwa sasa?

Histeroskopi. Daktari huingiza kamera nyembamba kupitia mlango wa kizazi na kukata mshikamano akiwa anaona. Baadaye mara nyingi mgonjwa hupewa estrojeni, na huenda akawekewa puto dogo, kitanzi au jeli ili kuta zisigusane zikiwa bado mbichi. Kwa mshikamano mdogo matokeo huwa mazuri. Kwa mshikamano mkubwa unaweza kurudi, na hata uwazi ukifunguka, utando unaweza kubaki mwembamba, kwa maana kukata kovu hakurudishi seli zilizopotea. Kundi hili la wagonjwa ndilo linalolengwa na utafiti wa seli shina.

Nimeambiwa utando wangu ni mwembamba. Je, nami nina Asherman?

Si lazima. Katika kliniki za upandikizaji mimba, utando wa chini ya milimita 7 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwembamba, lakini sababu zake ni nyingi: estrojeni kidogo, mtiririko duni wa damu, dawa fulani, au maambukizi ya zamani. Wapo pia wanaoshika mimba na kuzaa wakiwa na utando wa kipimo hicho. Kipimo cha ultrasaundi peke yake hakionyeshi makovu yote, kwa hiyo histeroskopi husaidia kupambanua.

## Tiba ya seli shina

Je, imeshajaribiwa kwa wanawake?

Ndiyo, kwa vikundi vidogo. Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 2016 na timu iliyomhusisha mtafiti Carlos Simón huko Uhispania. Wanawake 16 waliokuwa na Asherman sugu au utando uliodhoofu walimaliza utafiti. Walichomwa dawa ya kuamsha uboho, seli zenye alama ya CD133 zikakusanywa kutoka kwenye damu yao wenyewe, kisha zikarudishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye mishipa inayolisha mji wa mimba. Hedhi ilirudi kwa karibu wote, utando ukaongezeka unene, na baadhi walishika mimba.

Ni habari ya kutia moyo, ila kuna mambo mawili ya kuzingatia. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na wagonjwa walitumia pia homoni. Aidha, baada ya miezi kadhaa siku za hedhi zilipungua tena, dalili kwamba athari huenda haidumu.

Nchini China watafiti wamefuata njia nyingine: kupachika seli kwenye kiunzi cha kolajeni, kisha kukilaza ndani ya mji wa mimba baada ya makovu kukatwa. Wametumia seli za uboho na pia za kiungamwana (kamba ya kitovu) cha watoto waliozaliwa. Nako wapo wanawake waliopata watoto. Faida ya kiunzi ni kwamba seli hubaki mahali zilipowekwa na kuta hutenganishwa kwa wakati huohuo, lakini hilo pia linafanya iwe vigumu kujua kilichosaidia ni seli au ni kiunzi.

Seli zinazowekwa hugeuka kuwa utando mpya?

Mara nyingi inaonekana sivyo. Katika majaribio ya wanyama, seli nyingi zilizochomwa hutoweka baada ya muda, lakini tishu huendelea kuimarika. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hutoa protini na vifuko vidogo vyenye ujumbe wa kikemikali, ambavyo huchochea mishipa mipya, hutuliza uvimbe na kuamsha seli shina chache za mwenyeji zilizonusurika. Ndiyo maana baadhi ya maabara sasa zinapima kutumia vifuko hivyo peke yake, bila seli.

Hili lina maana kubwa kwa mgonjwa. Kama hakuna hata seli moja ya utando iliyobaki, kama ilivyo kwa baadhi ya walioharibiwa na kifua kikuu, huenda hakuna wa kuamshwa.

Plazima yenye chembe sahani ni tiba ya seli shina?

La. Hiyo hutengenezwa kwa kuizungusha damu yako mwenyewe kwenye mashine ili kupata chembe sahani nyingi, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo pia zina visababishi vya ukuaji. Haina seli shina za kujenga utando. Kliniki inayoiita tiba ya seli shina inakupotosha, hata kama plazima yenyewe inachunguzwa kihalali kwa utando mwembamba.

Kliniki inanitangazia tiba hii kwa malipo. Nikubali?

Ninakuomba usikimbilie. Tiba ya seli shina ya mji wa mimba bado iko kwenye utafiti, na mahali pake halali ni ndani ya jaribio lililosajiliwa, lenye kibali cha kamati ya maadili na fomu ya ridhaa inayoeleza hatari. Uliza seli zinatoka wapi, zimepimwaje kwa maambukizi, nani atakufuatilia baada ya mwaka mmoja, na matokeo yao yamechapishwa wapi. Shuhuda za wateja kwenye ukurasa wao haziwezi kuwa jibu.

Hatari zipo: maambukizi, seli kuganda kwenye mishipa, kinga ya mwili kupambana na seli za mtu mwingine, na ukuaji usiotakiwa. Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana, nayo ni muda. Mwanamke mwenye miaka 38 anayesubiri mizunguko kadhaa ya tiba isiyothibitishwa anapoteza miezi ambayo mayai yake hayatamrudishia.

Mbona utafiti unakwenda polepole?

Panya wa kawaida wa maabara hawapati hedhi, kwa hiyo hedhi yao hulazimika kuigizwa kwa homoni. Wanaopata hedhi kiasili ni nyani wa jamii kadhaa, popo wachache na wanyama wengine wachache. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash waliripoti kwamba panya-miiba anapata hedhi, wa kwanza kujulikana miongoni mwa jamii za panya. Mwaka huohuo vikundi viwili vya Ulaya viliripoti kuotesha tezi ndogo za utando wa binadamu ndani ya jeli, zinazoitikia homoni kama tezi halisi. Vitu hivi viwili vimerahisisha kazi.

## Hali za pekee

Seli shina zina uhusiano na endometriosisi?

Inadhaniwa hivyo. Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando huota nje ya mji wa mimba. Kwa wanawake wengi sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija hadi kwenye fumbatio, lakini takriban mmoja kati ya kumi hupata ugonjwa. Mojawapo ya dhana ni kwamba kwa wagonjwa damu hiyo hubeba seli shina za tabaka la chini, zenye uwezo wa kushika na kuota ugenini. Kwa sababu hiyo mwenye endometriosisi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi na tiba ya kuchochea utando.

Na uvimbe wa misuli ya kizazi?

Misuli nayo ina seli shina zake, zinazosaidia inapopanuka wakati wa ujauzito. Kila uvimbe wa aina hii, uitwao fibroidi, huanza na seli moja iliyobadilika, na takriban asilimia 70 zina badiliko kwenye jeni ya MED12. Fibroidi haigeuki kuwa saratani kwa kawaida.

Je, kuota upya kila mwezi kunaleta saratani?

Kugawanyika kwingi hutoa nafasi ya makosa ya jeni. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikuta kwamba tezi nyingi za utando wenye afya tayari zina mabadiliko ya aina yanayoonekana kwenye saratani, na bado wanawake walio wengi hawaugui. Mwenye historia ya saratani ya mji wa mimba, au utando ulionenepa isivyo kawaida, kwa kawaida haingizwi kwenye majaribio ya seli shina. Damu inayotoka baada ya ukomo wa hedhi ichunguzwe bila kuchelewa.

Kovu la upasuaji wa kujifungua linaweza kutibiwa hivi?

Bado. Hapo kilichokatwa ni misuli, na misuli haijijengi upya kama utando. Kwa baadhi ya wanawake hubaki kishimo kwenye kovu, na kondo la nyuma la mimba inayofuata linaweza kujizamisha humo. Majaribio yapo, mengi kwa wanyama.

Nimekoma hedhi. Seli hizo zimekufa?

Hapana, si zote. Wanawake waliokoma hedhi wakipewa estrojeni na projesteroni, utando wao huweza kuota na hata kubeba mimba ya yai la kupewa. Seli za kuanzisha zilikuwepo, zikisubiri homoni.

Nimetolewa kizazi, au nilizaliwa bila nacho. Seli shina zinaweza kunijengea kingine?

Kwa sasa hapana. Njia iliyokwisha kuzaa mtoto ni kupandikizwa mji wa mimba wa mtu mwingine. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Sweden mwaka 2014 chini ya timu ya Mats Brännström. Mpokeaji hulazimika kutumia dawa za kushusha kinga muda wote anaoubeba mji huo wa mimba, nao kwa kawaida huondolewa baada ya uzazi.

Kuhusu kujenga, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliripoti kwamba waliondoa sehemu kubwa ya mji wa mimba wa sungura na kuweka kiunzi kinachoyeyuka, kilichopandwa seli za sungura huyohuyo. Baadhi yao walibeba mimba hadi kuzaa watoto hai, na seli zilizotumika zilikuwa za kawaida za mji wa mimba, wala hazikuchujwa ili kupata seli shina pekee.